Maji Hayakati Kona

Leo tunaingia jikoni, na shughuli yenyewe ni ile isiyo na mpenzi: vyombo. Ila vya kwenye karo tutaviacha. Nataka tuzungumzie mashine ya kuoshea vyombo, na hasa namna ya kuvipanga vyombo humo ndani.

Najua kuna watakaosema mada hii ni ya watu wenye nafasi zao. Ni kweli, mashine hii bado haijafika kila nyumba. Hata hivyo imeshaingia kwenye maghorofa ya Masaki jijini Dar es Salaam na Kilimani jijini Nairobi, utaikuta kwenye nyumba za kukodisha wageni kule Unguja, na kama una mtoto au ndugu Ujerumani, Uingereza, Marekani au Muscat, huenda anayo jikoni kwake. Na kote huko lalamiko ni moja: "Hii mashine haioshi." Mtu anafungua mlango, mvuke unampiga usoni, anatoa bakuli, anakuta punje za wali zimekaukia ndani. Anatoa kijiko, kina utando wa uji mgongoni. Anatoa kikombe, kitakoni kimebeba kidimbwi cha maji ya rangi ya chai. Basi inalaumiwa mashine, inalaumiwa sabuni, analaumiwa hata aliyeiuza. Mimi nasema aulizwe kwanza aliyevipanga.

Tuelewane kuhusu kinachotokea mle ndani mlango ukishafungwa, kwa sababu hakuna anayekiona. Mle ndani hamna kinachosugua. Hakuna brashi, hakuna dodoki, hakuna stilwaya. Kuna maji tu. Chini kabisa kuna pampu inayoyasukuma maji ya moto yenye sabuni hadi kwenye mikono miwili, mmoja chini ya kichanja cha chini na mwingine chini ya kichanja cha juu. Mikono hiyo ina vitundu, na inazunguka kama pangaboi. Tena haizungushwi na mota. Ni nguvu ya maji yenyewe, yanapochomoka kwa pembe kwenye vitundu, ndiyo inayouzungusha mkono. Maji yale yale yanagonga vyombo, yanadondoka chini, yanapita kwenye chujio, yanarudi kwenye pampu, yanarushwa tena. Kwa zaidi ya saa nzima kazi ni hiyo.

Na maji yakishatoka kwenye kitundu huenda moja kwa moja. Hayakati kona. Hayasogezi sahani ili yaone kilicho nyuma yake. Bakuli lililofunikwa na bakuli jingine, kwa maji yale halipo. Matone mawili matatu yatalifikia kwa kurukia, lakini matone hayang'oi ukoko wa wali. Kanuni zote za kupanga vyombo zinatoka hapo. Ukilishika hilo, huhitaji kukariri kitabu cha maelekezo.

Aliyelishika mapema kuliko wengi ni mwanamke mmoja wa Marekani, na kisa chake kinafaa hapa kwa sababu kinahusu upangaji hasa. Josephine Cochrane aliishi Shelbyville, katika jimbo la Illinois. Inasimuliwa kwamba alichoka kuona vyombo vyake vya kauri vikirudi kabatini vimemeguka ukingo kila baada ya karamu. Mumewe alifariki mwaka 1883 akamwachia madeni, na wazo ambalo lingeishia kwenye soga za barazani likawa la kutafutia riziki. Tarehe 28 Desemba 1886 alipewa hataza ya mashine yake.

Mashine za namna hiyo zilikuwapo kabla yake. Joel Houghton alishapata hataza mwaka 1850 kwa kifaa cha mbao chenye gurudumu la kuzungushwa kwa mkono, kikivimwagia vyombo maji. Kilimwaga kweli, ila kusafisha kikashindwa. Cochrane alikuja na njia nyingine. Alichukua vipimo vya sahani, vikombe na visahani vyake, akatengeneza vyumba vya waya, kila kimoja kwa umbo la chombo chake. Vyumba hivyo akavipanga kwenye gurudumu lililolazwa ndani ya pipa la shaba, ndipo maji ya moto yenye sabuni yakarushwa kutoka chini. Unaona mfuatano wake? Alianza na mahali pa kila chombo, maji yakafuata. Vichanja vya waya unavyovivuta leo, vyenye vile vijiti vilivyosimama safu kwa safu, ni kazi ya mama yule. Wateja wake wa kwanza walikuwa mahoteli, kwa sababu nyumba nyingi za wakati ule hazikuwa na maji ya moto ya kutosha kuiendesha. Mwaka 1893 aliipeleka kwenye maonyesho makubwa ya Chicago ikapewa tuzo. Alifariki mwaka 1913, na mwaka 1926 kampuni yake ikanunuliwa na Hobart, ambayo mashine zake za nyumbani baadaye ziliuzwa kwa jina la KitchenAid.

Haya, sasa tuvute kichanja cha chini.

Huku ni kwa sahani na vyombo vizito, maana mkono wa chini una nguvu kuliko wa juu. Sahani husimama kwenye vijiti vyake, na uso wake, yaani upande uliowekwa chakula, huelekea katikati. Zilizo kulia zitazame kushoto, zilizo kushoto zitazame kulia. Watu wengi huzipanga zote zikitazama upande mmoja kwa sababu zinapendeza macho, na zile za ukingoni zinaishia kuutazama ukuta. Kati ya sahani na sahani pawe na nafasi, zisigusane. Ukiwa na kubwa na ndogo, zipishanishe, maana sahani mbili kubwa zenye kina zikifuatana zinalaliana, na pale zinapogusana uchafu utabaki kama alama ya mwezi. Mabakuli yainamishwe mdomo ukielekea chini na katikati. Kulilaza bakuli chali ni kulifanya beseni: litajaa maji machafu, na ukilitoa litakumwagikia miguuni.

Sufuria na bakuli kubwa zifudikizwe pembeni au nyuma, zisikae katikati, kwani chochote kikubwa kikikaa katikati ya kichanja cha chini kinavinyima maji vyote vilivyo juu yake. Na hapa kuna kosa ambalo watu hawalishuku. Kwenye mlango, kwa ndani, kuna kisanduku cha sabuni chenye kifuniko kinachofunguka chenyewe mashine ikiwa kazini. Ukisimamisha ubao wa kukatia mboga au trei mbele yake, kifuniko hakifunguki. Mashine itazunguka saa mbili kwa maji matupu, na ukifungua utakuta kidonge cha sabuni kimekwama, kimelowa nusu. Ukikikuta hivyo usikimbilie kumwita fundi. Tazama ulisimamisha nini mbele ya mlango.

Kichanja cha juu ni cha vikombe, glasi, visahani, vibakuli vya kachumbari na vyombo vya plastiki. Plastiki hukaa juu kwa sababu koili ya kupasha maji iko chini, na katika mashine nyingi za Marekani koili hiyo iko wazi kabisa. Kifuniko chepesi cha plastiki kikidondokea pale kitanuka nyumba nzima. Glasi zikae kati ya safu za vijiti, zisivalishwe juu ya kijiti, maana hapo ndipo zinapopata alama na nyufa. Vikombe vifudikizwe, lakini vilale kidogo. Chukua kikombe chochote ukigeuze ukitazame kitako. Vingi vina ukingo wa duara na shimo dogo katikati. Kikombe kikisimama wima kichwa chini, shimo hilo linakuwa juu na kukinga maji tangu mwanzo hadi mwisho, na huko ndiko kinakotoka kile kidimbwi. Kiinamishe nyuzi chache tu, maji yatateremka yenyewe. Ndiyo maana vichanja vingi vya juu vimetengenezwa na mwinamo. Usipigane nao.

Halafu kuna vijiko, na hapa ndipo watu wa nyumba moja wanapogombana. Mmoja anataka vichwa juu, mwingine anataka vichwa chini. Nitasema langu. Visu, ncha chini, hapo hakuna mjadala. Mtoto akijikwaa akaangukia kapu la visu vilivyosimama ncha juu, hatutakuwa tunazungumzia vyombo tena. Vijiko na uma, vichwa juu, kwa sababu kichwa ndicho kilichoingia mdomoni na ndicho kinachotakiwa kuoshwa, na ndani ya kapu maji hayaingii sawasawa. Ila visikae vya aina moja pamoja. Vijiko sita vikiwekwa kwenye chumba kimoja cha kapu vitabebana migongo, kimoja ndani ya kingine, na uji ulioko katikati yao utatoka umeiva upya. Changanya: kijiko, uma, kijiko, uma. Kisha unapovitoa, shika mpini, usishike kichwa. Upawa na vijiko virefu vya kupakulia vilazwe kwenye kichanja cha juu, kwa sababu mpini mrefu ukipenya chini ya kapu unauzuia mkono wa maji kuzunguka.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, waliamua kuifuatilia njia ya maji ndani ya mashine yenyewe. Waliweka kwenye maji chembe ndogo yenye mnururisho, wakaifuatilia kutoka nje inakopita. Waliona kwamba maji hayagawanyiki sawa hata kidogo. Kuna sehemu zinapigwa moja kwa moja na kuna sehemu zinapata mtiririko tu. Ushauri wao ulikuwa kwamba vyombo vyenye wanga, kama mabaki ya viazi au tambi, vikae pale panapopigwa maji kwa nguvu, kuelekea katikati, na vyenye protini kama kiini cha yai vikae pembeni, kwa sababu protini iliyogandia inahitaji kulowekwa na sabuni kwanza ndipo ing'oke. Walisema hata vichanja vingefaa kupangwa kwa duara kuliko safu zilizonyooka, kwa vile mkono wenyewe unazunguka. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka Cochrane na gurudumu lake lililolazwa. Kwa meza yetu, tafsiri yake ni nyepesi: sahani za wali na ugali katikati, za mayai ukingoni.

Lakini hapa kuna jambo lisiloandikwa kwenye vitabu vya maelekezo, kwa kuwa walioviandika hawakututazama sisi. Mashine hizi zimetengenezwa kwa meza ya Ulaya. Ukiambiwa dukani "hii ni ya watu kumi na wawili", hesabu hiyo inatokana na sahani bapa, sahani ya supu, kisahani, kikombe, glasi, kisu na uma wa kila mtu, pamoja na vyombo vichache vya kupakulia. Sasa linganisha na mchana wa Ijumaa nyumbani kwetu. Watu kumi na wawili wamekula pilau kwenye sinia tatu. Sahani hakuna. Kuna sinia tatu, sufuria kubwa la pilau, sufuria la mchuzi, mabakuli ya kachumbari, jagi la juisi, hotpoti mbili na vikombe vya chai vyenye ukingo wa dhahabu. Ukisema uvitie vyote, sinia moja tu inalala juu ya kichanja cha chini na kukiziba chote. Mkono unaurushia maji mgongo wa sinia, na vilivyo juu yake havipati kitu. Mashine ya watu kumi na wawili imeshindwa na chakula cha watu kumi na wawili, na hapo haina kosa la kujibu.

Kwa hiyo kwetu sisi, kupanga vizuri kunaanza na kujua cha kuacha nje. Sinia ioshwe kwa mkono. Ni bapa, dakika moja imekwisha. Hotpoti isiingie, maana maji hupenya kati ya kuta zake mbili yakakaa humo, na baada ya muda itaanza kunuka. Chupa ya chai vilevile. Mwiko, kinu cha kutwangia vitunguu saumu, mbuzi ya kukunia nazi, kata ya kifuu, vyote vya mti visiingie. Joto na maji ya muda mrefu huvivimbisha, na vikikauka vinapasuka. Chungu cha udongo hunywa sabuni, na mchuzi wa kesho utakuambia. Kikaango cha chuma kizito kitavuliwa mafuta yake kishike kutu. Vikombe vyenye dhahabu vitabaki na kumbukumbu ya dhahabu. Kisu kizuri cha jikoni kitapoteza makali kwa kugongana na vingine.

Na sufuria, msikilizaji. Sufuria zetu hizi, za saizi saizi zinazoingiana, nyingi ni za alumini. Sabuni ya mashine ni kali, ina magadi mengi kuliko sabuni ya mkono, na alumini haiwezi magadi. Utaiingiza sufuria inang'aa, utaitoa ya kijivu, na ukirudia itakuwa nyeusi na kuacha weusi kwenye kitambaa. Haijachafuka, imeliwa juu juu. Za chuma cha pua hazina shida. Usipojua ipi ni ipi, chukua sumaku ya kwenye friji. Ikinata ubavuni, hiyo si alumini. Isiponata, bado inaweza kuwa chuma cha pua cha aina isiyoshika sumaku, basi ipime kwa uzito mkononi. Alumini ni nyepesi. Ukibaki na shaka, ioshe kwa mkono.

Tuje kwenye ubishi mwingine: visuuzwe kwanza au visisuuzwe? Mama anayetoka Tanga kwenda kumtembelea binti yake Reading, Uingereza, hukunja mikono ya nguo, akaviosha vyombo vyote kwa sabuni hadi vikang'aa, ndipo akaviingiza kwenye mashine. Binti anacheka, mama anasema hawezi kuiamini. Na yule aliyefanya kazi hotelini Mombasa au Nungwi naye anaapa kwamba lazima visuuzwe, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa. Wa hotelini hadanganyi, ila mashine yake ni nyingine. Ile ya hotelini, ambayo stuwadi anasukuma kreti ya sentimita 50 kwa 50 na kushusha kifuniko, humaliza kazi kwa dakika moja hadi tatu. Haina muda wa kuloweka, kwa hiyo lazima uchafu mwingi uondolewe kwa bomba la kunyunyizia kabla. Ya nyumbani inakaa na vyombo saa moja, mbili, tatu. Na sabuni yake ina vimeng'enya: kimoja cha kuvunjavunja wanga, kingine cha kuvunjavunja protini. Vinataka muda na uvuguvugu, na mashine ya nyumbani ina vyote viwili.

Zaidi ya hayo, mashine nyingi za sasa zina kifaa kinachopima uchafu wa maji. Ukiingiza vyombo ulivyokwisha kuvisuuza, kifaa kinaona maji ni meupe, kinaamua kazi ni ndogo, kinapunguza muda na joto. Kisha lile sufuria moja lililogandia ambalo hukulisuuza ndilo linalobaki na ukoko. Kwa hiyo kwangua, usisuuze. Mifupa, miiba ya samaki, vijiti vya meno, mbegu za ndimu, maganda ya iliki na ukoko wa wali, vyote viende kwenye taka. Mchuzi na utando wa tui viachie mashine. Isipokuwa kama vyombo vitakaa hadi kesho. Hapo endesha ile programu fupi ya kusuuza kwa maji baridi, maana wali uliokauka usiku kucha ni saruji.

Hapo ndipo linapokuja suala la maji. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Bonn, mji ule ule yanakotoka matangazo ya Kiswahili ya redio ya Ujerumani, waliwapa watu zaidi ya 100 kutoka nchi mbalimbali za Ulaya vyombo vya watu 12 waoshe kwa mkono wapendavyo. Kwa wastani walitumia takriban lita 100. Mashine nyingi za sasa hutumia kati ya lita 10 na 15. Wauzaji wanaipenda sana hesabu hiyo. Mimi ninaikubali kwa mtu anayeacha bomba linatiririka huku akisugua kijiko kimoja kimoja. Lakini mama mwenye mabeseni mawili uani, moja la kuoshea na moja la kusuuzia, na kichanja chake cha miti juani, anamaliza kazi hiyo kwa ndoo mbili za lita 20, tena maji ya mwisho anamwagilia mchicha. Huyo asiambiwe kwamba anapoteza maji. Mashine bado inatumia maji machache kuliko yake, lakini inamshinda hasa kwa jambo jingine, nalo ni joto: nyuzi 50 kwenye programu ya kubana matumizi, na 65 hadi 70 kwenye ile ya vyombo vilivyogandia. Hakuna mkono unaovumilia hayo.

Maji yetu ya pwani yana tabia yake pia. Unguja, Mombasa na sehemu nyingi za ukanda huu zimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya kisima yanayopita humo hubeba chokaa. Ni ule utando mweupe unaouona ndani ya birika. Kwenye mashine utando huo unaganda kwenye koili, unaziba vitundu vya mikono, na unaziacha glasi na ukungu. Mashine za Ulaya zina chumba cha chumvi sakafuni kwa ajili hiyo. Kijaze chumvi yake maalumu ya mawe mawe, na uiweke mashine kwenye kipimo cha ugumu wa maji yako. Chumvi ya mezani isitumike. Ina vitu vilivyoongezwa na punje zake ndogo hugandamana. Na kama maji yanashuka kutoka tangi la juu ya paa, kumbuka kwamba kila mita 10 za kimo hutoa baa 1 tu ya mgandamizo. Tangi lililo mita tatu juu ya jiko linatoa kama theluthi ya baa, na mashine nyingi hazikubali kiasi hicho. Soma kibandiko kabla ya kununua.

Chujio lililoko chini, chini kabisa ya kichanja, litoe kila wiki, ulisugue kwa brashi laini chini ya bomba. Ukisikia harufu kama ya dagaa waliosahaulika, imetoka huko. Mara moja moja ung'oe na mkono wa maji wenyewe, uutikise sikioni. Ukisikia kitu kinacheza ndani, ni punje ya wali au mbegu ya ndimu iliyoziba kitundu, na upande huo wa sahani umekuwa haupati maji tangu ilipoingia.

Kabla ya kufunga mlango, sukuma mkono wa chini kwa kidole uzunguke duara kamili, kisha wa juu. Ukigonga kitu, kipangue. Mashine ikimaliza, fungua mlango kidogo mvuke utoke, na uanze kutoa vya kichanja cha chini, kwa sababu ukianza na vya juu maji yaliyobaki kwenye vitako vya vikombe yatavimwagikia vya chini vilivyokwisha kukauka. Plastiki itakuwa bado na unyevu, haishiki joto kama kauri, ifute tu.

Limebaki ombi langu kwa wenye nyumba. Katika nyumba nyingi za huku zenye mashine hii, anayeipakia ni dada wa kazi. Mashine ililetwa, fundi akaunganisha bomba, kitabu cha maelekezo kikaingia kwenye droo kwa Kiingereza au Kijerumani, na dada akaambiwa, "Haya, kazi imepungua." Siku sufuria lilipotoka jeusi, yeye ndiye aliyefokewa. Siku kidonge kilipokwama, yeye ndiye aliyeambiwa hajui. Nani alimwonyesha? Jumamosi hii kaa naye nusu saa mbele ya mashine ikiwa wazi. Mwonyeshe mikono ya maji inazungukaje, kisanduku cha sabuni kinafungukia wapi, sufuria zipi ni za alumini. Mwache apange mwenyewe mara ya kwanza, nawe ukiangalia. Na nusu saa hiyo iwe ndani ya saa zake za kazi, isiwe ndani ya mapumziko yake.